Mchanga Unashika, Hauui

(Maneno haya yalisemwa Mahonda, Kaskazini Unguja, mbele ya walimu wa sayansi, masheha na mafundi wa visima. Nimeyaandika karibu kama yalivyosemwa. Salamu za itifaki nimezifupisha, na maswali nimeyaacha palepale yalipoulizwa.)

Assalaam alaykum.

Masheha wetu, walimu, mafundi, kina mama na kina baba mlioacha shughuli zenu asubuhi hii, nakushukuruni. Nimeombwa nizungumze habari ya maji salama. Kunawa mikono sitakugusa, maana mmeshaambiwa mpaka mmechoka na mabango yake yako kila skuli. Nitazungumza habari ya mchanga.

Hakuna humu ndani asiyesikia tangu utotoni kwamba maji yakipita mchangani yanasafika. Ni kweli, na ushahidi wake upo tangu zamani. Mwaka 1892 kipindupindu kiliingia Hamburg, Ujerumani. Mji ule ulikuwa ukinywa maji ya mto Elbe bila ya kuyachuja. Jirani yake Altona, waliyeungana naye mtaa kwa mtaa, alichota mto huohuo, tena upande wa chini ambako maji yalikuwa yameshapokea uchafu wa Hamburg. Tofauti ni kwamba Altona iliyapitisha kwanza kwenye mabwawa ya mchanga. Hamburg ilizika watu zaidi ya 8,000. Altona ilinusurika kwa sehemu kubwa. Robert Koch, yule daktari aliyemkamata kwa darubini mdudu wa kipindupindu, alikwenda kuchunguza mwenyewe na akaona mpaka wa ugonjwa unafuata mpaka wa mabomba ya maji.

Kwa hiyo sikuja kuipinga imani ya bibi zetu. Nimekuja kuuliza mchanga unaifanyaje kazi hiyo, kwa sababu kuna wakati haifanyi, na mimi shida yangu iko kwenye wakati huo.

Ukimuuliza mtu, atakwambia mchanga unachuja: tundu ni ndogo, mdudu ni mkubwa, amekwama. Tupige hesabu. Bakteria wa kinyesi, E. coli, ana urefu wa mikromita 1 hadi 2. Ndani ya milimita moja unaweza kuwapanga mamia kwa mstari. Chembe ya mchanga wa kawaida ni kiasi cha nusu milimita. Sasa mkuze bakteria huyo mpaka awe punje ya kunde, na chembe ya mchanga nayo ikue kwa kiasi hichohicho: itakuwa na upana wa chumba cha kulala, na nafasi baina ya chembe na chembe zitakuwa milango na madirisha. Kunde haikwami mlangoni.

Basi Altona walipona vipi? Sehemu ya jibu ni ule utando wa viumbe hai unaoota juu ya bwawa la mchanga na kuwala bakteria wanaopita. Lakini chini ya ardhi, mita kadhaa chini ya miguu yetu, utando wa namna ile haupo, na bado mchanga unafanya kazi. Ili kujua kwa nini, watu wameingiza mchanga kwenye bomba na bomba wakaliingiza maabara.

Jaribio lenyewe lina umri. Mwaka 1856 mhandisi wa Kifaransa, Henry Darcy, aliyekuwa akishughulikia maji ya mji wake wa Dijon, alichapisha matokeo ya kupitisha maji kwenye bomba refu lililojaa mchanga. Alipata kanuni ambayo wahandisi wa maji wanaitumia mpaka leo: maji yanayopita yanaongezeka kadiri tofauti ya kimo baina ya maji ya juu na ya chini inavyoongezeka, na yanapungua kadiri mchanga unavyorefuka. Darcy alikuwa akitafuta maji tu. Waliokuja nyuma yake walichukua bomba lile, wakalifupisha, wakalifanya la plastiki ya kuonesha ndani, na wakatia bakteria.

Nieleze linavyofanyika. Walimu watanisamehe wakiona nakawia hapa, maana kazi yenyewe iko hapa.

Kwanza mchanga unachekechwa ili chembe zilingane. Unaoshwa mara nyingi mpaka maji ya juu yaonekane kama hayakuguswa. Kisha vitabu vya nje vinakwambia uoshe kwa asidi, kuondoa kutu na uchafu wa majani. Ukiufuata ushauri huo kwa mchanga wa pwani ya Kiwengwa, utaona povu linapanda na mchanga wako unapungua mbele ya macho yako, kwa sababu mchanga ule ni matumbawe na makombe yaliyosagika, yaani chokaa. Vitabu vile vimeandikwa na watu ambao mchanga wao ni kwatzi, jiwe gumu lisilotishika na asidi. Nalisema hili makusudi, maana mengi yanayojulikana duniani kuhusu bakteria na mchanga yamejulikana kwa mchanga usiofanana na wa pwani yetu ya mashariki.

Halafu unaujaza bomba. Mtu mwenye haraka atamimina mchanga mkavu kisha atie maji, na jaribio lake litakuwa limeshaharibika. Maji yanatangulia, mchanga unanyunyizwa ndani yake kijiko kwa kijiko, na ubavu wa bomba unagongwagongwa kwa mpini wa bisibisi ili chembe zijipange na hewa itoke. Pampu inayapandisha maji kutoka chini kwenda juu, polepole, ili kipovu kilichobaki kisukumwe nje. Hewa ni adui hapa: bakteria wanapenda kuganda pale hewa na maji yanapokutana, na kipovu kimoja kilichojificha kinaweza kukuonesha mchanga unashika sana kumbe kinachoshika ni kipovu. Likumbukeni hili, tutalihitaji tukifika masika.

Chumvi inatangulia bakteria. Unapitisha maji ya chumvi kidogo na unapima kwenye mdomo wa bomba yanapotokea. Chumvi haishikani na mchanga, kwa hiyo inakwambia maji yenyewe yanatembeaje. Katika bomba la mchanga uliojaa maji, theluthi moja au zaidi kidogo ya ujazo wake ni maji, yaliyobaki ni mawe, na chumvi ndiyo inayokupa hesabu hiyo kwa uhakika.

Sasa ndiyo bakteria. Wameoteshwa usiku kucha kwenye mchuzi wao, wakazungushwa kwenye mashine mpaka wakatuama, wakaoshwa ili wasibaki na chakula cha kuwazalisha njiani. Wanatiwa kwenye maji ambayo chumvi yake inajulikana, pampu inawasukuma kwa muda uliopangwa, kisha maji matupu yanafuata nyuma yao. Kwenye mdomo wa bomba matone yanaangukia mirija midogo, mmoja ukijaa unawekwa mwingine. Kila mrija unazimuliwa mara kumi, na mara kumi tena, na tena, kisha tone lake linapakwa kwenye sahani ya agari, yaani chakula kilichogandishwa cha kuoteshea bakteria, na kulazwa kwenye kabati la joto.

Asubuhi yake ndipo penye utamu. Unazipanga sahani kwa zamu. Za mwanzo hazina kitu. Ghafla moja ina nukta tatu nne, inayofuata imechafuka mpaka huwezi kuihesabu, na kila nukta ni ukoo mzima uliotokana na bakteria mmoja aliyevuka akiwa hai. Kisha zinapungua. Unatarajia sahani za mwisho ziwe safi kama za mwanzo, lakini zinabaki na nukta moja moja, na ukiendelea kukinga maji saa nyingi baadaye nukta bado zipo. Hizo zinazokataa kwisha nitazirudia.

Bomba hili linafundisha nini?

La kwanza linashtua. Mara nyingi bakteria wa mwanzo wanavuka kwa muda mfupi kuliko ule uliochukuliwa na chumvi. Chumvi inaingia kila kipembe, hata vile vijinafasi ambavyo maji karibu yamesimama. Bakteria ni mnene kwa vijinafasi hivyo, anabaki katikati ya mkondo kwenye maji yanayokwenda mbio. Kwa hiyo anayesema maji ya chooni yanachukua mwezi kufika kisimani, akumbuke kuwa huo ni wastani, na kuna abiria wanaoutangulia wastani.

La pili ndilo la faraja: walio wengi hawatoki kabisa. Mwaka 1971 wanasayansi watatu, Yao, Habibian na O'Melia, walieleza vizuri namna kitu kidogo kinavyokutana na chembe ya mchanga. Ama kinapita karibu mno ubavu wake ukagusa, ama uzito wake unakivuta chini kikatua juu ya chembe, ama kinarukarushwa na mtikisiko wa maji yenyewe mpaka kikajigonga. Bakteria wamekaa pabaya katika hesabu hiyo: ni wakubwa kiasi cha kutotikiswa sana na wadogo kiasi cha kutotua upesi, kwa hiyo wanakwepa kuliko vitu vidogo au vikubwa zaidi yao. Hata hivyo chembe ni nyingi, na njia ya sentimita kumi tu ina mamia ya chembe za kuzikwepa.

Kukutana si kushikana. Bakteria wengi wana chaji hasi juu ya ngozi yao, na kwatzi nayo ina chaji hasi. Zinasukumana. Maji yakiwa matamu sana, msukumo huo unafika mbali na bakteria anapita salama. Maji yakiwa na chumvi, msukumo unabanwa ukawa mfupi, bakteria anasogea karibu na anaganda. Walimu wa kemia wanaijua hadithi hii kwa majina ya Derjaguin na Landau wa 1941, na Verwey na Overbeek wa 1948. Sisi wengine tushike hili tu: mchanga uleule, bakteria walewale, ukibadilisha chumvi ya maji umebadilisha kila kitu.

Kutu ya chuma inafanya kinyume cha kwatzi. Chembe iliyopakwa oksidi ya chuma inakuwa na chaji chanya katika maji ya kawaida, na inamvuta bakteria. Udongo wetu mwekundu, kinongo, una chuma cha kutosha. Mkulima wa hapa anakithamini kinongo kwa mihogo na michungwa. Mtu wa maabara akikiona anafikiria kitu kingine kabisa, kwamba mita chache za rangi ile juu ya maji zina thamani ambayo haimo kwenye bei ya kiwanja.

Ukubwa wa chembe na kasi ya maji havina haja ya maneno mengi. Chembe kubwa, kushika kidogo. Maji mbio, kushika kidogo.

Sasa hesabu inayowadanganya watu. Tuseme kila sentimita 10 za mchanga zinapitisha bakteria mmoja katika kumi. Ukianza na bakteria milioni 100, ambao ni rahisi kuwapata katika kinyesi kidogo tu, ukifika sentimita 80 amebaki mmoja. Mita moja na mchezo umekwisha! Kwa hesabu hiyo choo kingeweza kujengwa nyuma ya kisima na watu wakalala.

Lakini bakteria si sare. Katika chupa moja, wa ukoo mmoja, wapo wanaonata na wapo wasionata. Wanaonata wanabaki sentimita za mwanzo, na wasionata wanaendelea, na kadiri wanavyokwenda ndivyo kundi linalobaki linavyokuwa la wale wasionata watupu. Hesabu ya mmoja katika kumi inakufa njiani. Watafiti wa Marekani walifanya kazi ya namna hii shambani, Cape Cod katika jimbo la Massachusetts tangu miaka ya 1980, na baadaye Oyster katika pwani ya Virginia. Walipiga bakteria waliotiwa alama ndani ya maji ya ardhini ya mchangani na kuwavizia kwenye visima vidogo mita kadhaa mbele. Huko Oyster walidiriki hata kuchagua bakteria wenye tabia ya kutonata, ili waone watafika wapi.

Na virusi je? Virusi vya polio vina upana wa takriban nanomita 30, bakteria ni mkubwa kwao mara makumi. Vinaweza kwenda mbali zaidi na kuishi muda mrefu zaidi. Maji yaliyopimwa yakakutwa hayana E. coli yanaweza kuwa navyo. Naliacha hapo, lina siku yake.

Nilisema nitazirudia zile nukta za mwisho. Mchanga unashika, hauui. Bakteria aliyeganda kwenye chembe hajafa. E. coli anaweza kuishi ndani ya maji ya ardhini wiki nyingi, hata miezi, na muda wote huo anaweza kujibandua. Kuna jaribio jepesi linaloonesha hili, na kwa maoni yangu ndilo lenye maana kubwa kuliko yote kwa visiwa vyetu. Unapitisha bakteria kwenye maji ya chumvichumvi, wanaganda. Unaendelea na maji ya chumvi yaleyale mpaka sahani zinakaribia kuwa safi. Kila mtu ameridhika. Kisha unabadilisha chupa, unatia maji matupu yasiyo na chumvi, yaliyo kama mvua. Muda si muda sahani zinajaa tena. Bakteria ulioamini umewazuia walikuwa wamekaa tu, wakingoja chumvi ipungue.

Nadhani mafundi mmeshanielewa ninakokwenda. Maji matamu ya kisiwa yanaelea juu ya maji ya bahari. Kwa kanuni ya Ghyben na Herzberg, kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inabeba kiasi cha mita 40 chini yake. Kiangazi tunavuta, na bahari inapanda. Visima vya karibu na pwani vinaanza kukolea, na chumvi ileile inayotuudhi kwenye chai inawagandisha bakteria mchangani. Inaingia masika. Mvua ya Machi hadi Mei inashuka ikiwa haina chumvi, inayazimua maji ya juu, inainua kina, inaziba zile hewa zilizokuwa baina ya chembe, na wote waliokuwa wameganda kwenye hewa na kwenye mchanga wanapata njia. Wakati huohuo mashimo ya vyoo yanajaa. Kila mtu anayeishi Unguja na Pemba anajua kipindupindu kinapenda msimu gani. Mafuriko na takataka vina sehemu yao kubwa katika hilo, wala sisemi mchanga ndio wenye kosa. Ninachosema ni kuwa kisima kilichopimwa Februari kikaonekana kizuri hakijapimwa.

(Hapa fundi mmoja aliyekaa nyuma alisimama. Aliuliza: "Bwana, sisi tunaambiwa mita thelathini kutoka chooni. Zinatosha au hazitoshi?")

Swali zuri, baba, na ndilo nililokuwa naliogopa. Mita 30 ni kipimo kinachotumika sana duniani, hasa kwenye kambi za dharura, pamoja na sharti kwamba chini ya shimo la choo kuwe na angalau mita 1.5 za udongo kabla ya kufika maji. Watu wanaishika ile 30 na kuisahau ile 1.5. Ungeniambia nichague moja, ningechagua ile 1.5, kwa sababu bakteria anashikwa vizuri zaidi kwenye udongo ambao haujajaa maji. Wajerumani wao hawahesabu mita, wanahesabu siku: eneo la ulinzi wa kisima linachorwa mpaka pale ambapo maji yanachukua siku 50 kufika. Katika mchanga, maji yanayokwenda mita moja kwa siku yanahesabiwa kuwa na mwendo mzuri, na siku 50 hapo ni mita 50. Katika kichanga laini, yaani udongo wa mchangamchanga, zinaweza kuwa chache zaidi ya hizo.

Sasa nenda upande wa pili wa wilaya hiihii. Mahonda na Donge mna udongo wa kina. Kiwengwa na Pangeni mko maweni, juu ya jiwe la matumbawe, na wenzetu wa Makunduchi na Jambiani, na wa Micheweni kule Pemba, wako vilevile. Fundi wa maweni hachimbi, anapasua. Shimo la choo linalofunguliwa kwa nondo na nyundo mara nyingi linakutana na ufa, na fundi anafurahi, maana choo hakitajaa. Mmewahi kusikia mtu akijisifu, "Choo changu kina miaka ishirini hakijajaa"? Mimi nimesikia, na nilichojiuliza ni kinakwenda wapi.

Kinakwenda kwenye mapango. Jiwe la matumbawe limeliwa na maji ya mvua likawa na mifereji, na ndani ya mfereji hamna chembe za kukutana nazo. Kila nililolisema tangu asubuhi kuhusu kuganda, kutua na kujigonga linafutika. Maji yanaweza kwenda mamia ya mita kwa siku moja. Mwaka 1877 mtaalamu mmoja Ujerumani, Knop, alimwaga kilo 10 za rangi ya kijani inayong'aa mahali ambapo mto Danube unazama kwenye mawe ya chokaa. Rangi ilitokea kwenye chemchemi ya mto Aach, takriban kilomita 12 kutoka pale, ndani ya siku tatu. Kwa jiwe la namna hiyo, nikikwambia mita 30 nitakuwa nakuchezea.

Wala lisidhaniwe ni tatizo la masikini. Mei 2000, mji mdogo wa Walkerton, jimbo la Ontario nchini Kanada, wenye wakaazi kiasi cha 5,000, ulipigwa na mvua kubwa. Kisima kimoja cha mji kilikuwa kifupi, kimechimbwa kwenye mwamba wenye nyufa, na jirani yake kulikuwa na shamba lililotiwa samadi ya ng'ombe. Bakteria walishuka na mvua. Klorini haikuwa ikiangaliwa kama inavyopaswa. Watu 7 walikufa na wengine zaidi ya 2,000 waliugua. Mwenye shamba, uchunguzi ulipofanywa, hakuonekana na kosa lolote. Alitia samadi kama wakulima wote. Jiwe ndilo lililokuwa halijulikani tabia yake.

Kwa hiyo, baba, jibu langu: kichangani na kinongoni, kukiwa na udongo wa kutosha chini ya shimo, 30 ni mwanzo mzuri. Maweni usiniulize mita. Jenga choo chenye karo lililosakafiwa chini na pembeni, linalonyonywa likijaa, na maji ya kisima yatiwe klorini kila siku ya Mungu, masika na kiangazi. Shirika la Afya Duniani linataka E. coli asionekane hata mmoja ndani ya mililita 100, na klorini inayobaki kwenye maji iwe baina ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita pale mtu anapoyachota. Kipimo cha klorini ni kidogo, kinaingia mfukoni, na sheha anaweza kujifunza kukitumia kabla ya adhuhuri. Zanzibar ina mpango wa kutokomeza kipindupindu wa 2018 hadi 2027. Muda uliobaki ni mfupi, na mimi ningependa kuviona vipimo hivyo kwenye mifuko ya masheha wa maweni kabla ya kuona bango jingine.

Nina jambo moja la mwisho, nalo litawaudhi wachache. Mchanga tunaoujadili ni uleule unaopakiwa kwenye malori. Donge mnajua zaidi yangu. Kisiwa kinajenga, nyumba zinataka zege, hoteli zinataka zege, na mchanga lazima utoke mahali. Sipingi ujenzi, na mimi nyumba yangu imejengwa kwa mchanga huohuo. Ila mjadala wote ninaousikia ni wa mashamba yaliyobaki mashimo, minazi iliyoanguka, na nani ana kibali. Sijasikia mtu akiuliza zimebaki mita ngapi baina ya sakafu ya shimo na maji. Palipokuwa na mita sita za kichanga pakabaki moja, pakafuata jaa la takataka kwenye shimo tupu, na baadaye pakagawiwa viwanja vyenye vyoo vyake, hapo kisima cha jirani kimeondolewa mtambo wake bila ya yeye kuambiwa. Pampu inaweza kununuliwa tena. Kile kichanga kilichukua maelfu ya miaka kujipanga pale. Ningependa kila kibali cha kuchimba kiandikwe kima cha chini cha mchanga unaobaki juu ya maji, na kabla ya malori kuingia mtu wa maji apite na kamba yake apime.

(Mwalimu mmoja wa kike aliuliza kama wanafunzi wanaweza kulifanya jaribio hili skuli, bila ya maabara ya bakteria.)

Wanaweza, maalim, na bila ya kinyesi wala hatari. Tumieni hamira. Ni kiumbe hai, ukubwa wake ni kiasi cha mikromita 5, kwa hiyo ni mnene kuliko bakteria na atashikwa kwa urahisi zaidi, lakini tabia mtaiona. Chupa mbili za maji za lita moja na nusu, mzikate matako na kuzigeuza vichwa chini, kitambaa mdomoni. Moja tieni kichanga kilichooshwa, nyingine kokoto za maweni zilizovunjwa ukubwa wa kunazi. Anzeni na maji ya chumvi kidogo, na kipimo kile cha chumvi ambacho wauza maji ya kuchuja wanacho kitawaonesha chumvi inatoka lini. Kisha hamira kijiko kimoja kwenye maji ya chumvi yaleyale. Maji yanayotoka yakingeni kwenye chupa ndogo zenye sukari na maji ya uvuguvugu, kila chupa ivisheni puto. Hamira aliyevuka atakula sukari na puto litasimama. Asiyevuka puto litalala. Mkimaliza, pitisheni maji ya mvua na mkinge tena kwenye chupa mpya, zenye maputo mapya. Wanafunzi waandike walichotarajia kabla ya kuangalia.

Mchanga ukiwa wa pwani, uosheni mpaka kipimo cha chumvi kisibadilike, la sivyo mtakuwa mnapima chumvi ya bahari mkidhani ni mliyoitia nyinyi.